Jina la Perpetua na Kibuyu cha Mzee

Mzee amekubali. Amekubali kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya ng'ombe wake wote! Wendo wangu atabatizwa Pasaka hii, na jina lake litakuwa Perpetua.

Haya, sasa nikusalimu, daftari langu. Habari za tangu juzi? Leo ni Ijumaa, ya mwisho kabla ya Jumapili ya Matawi. Mvua ilinyesha alfajiri ikakatika, na sasa nchi yote inafuka mvuke, hata vilima vya upande wa Kongwa vinaonekana kama vinaelea. Niko juu ya dungu shambani, naamia ndege. Uwele umeanza kutia punje na kwelea hawana huruma. Naandika mistari miwili, nasimama, napiga kelele, narusha udongo, nakaa tena. Ukiona mwandiko umeruka, ujue ni ndege.

Moyo wangu leo haupo shambani. Unaelea huko na vilima.

Kama siku moja mtu mwingine atakufungua, ajue aliyeandika ni nani. Mimi ni Felista, mama yake Wendo, mke wa mtu wa reli. Mume wangu yuko mbali, anatandika mataruma kuelekea Tabora, na daftari hili alinitumia yeye. Nimesoma miaka miwili tu kwa Mwalimu Kaspar, katekista wetu, na mwaka wa pili ulikatwa na njaa. Lakini herufi zote nazijua, kubwa na ndogo, na katika wake wote wa upande huu wa mto sijaona mwingine anayeandika juu ya dungu.

Hayo ni yangu mimi. Ya Wendo ni makubwa zaidi.

Wendo alipofanya mtihani wa ubatizo mbele ya Padre, hakukosa hata swali moja. Wenzake walikuwa wakitazama dari, yeye anajibu kama mtu anayehesabu vidole vyake. Kisha akauliza swali lake. Akataka kujua, huyo Perpetua alipofungwa gerezani alikuwa na mtoto anayenyonya, sasa alipouawa, mtoto alinyonyeshwa na nani? Mwalimu Kaspar ananiambia Padre alizishika ndevu zake kwa muda mrefu, halafu akasema kwamba jambo hilo halikuandikwa. Kwa miaka yote aliyofundisha, hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mwanangu huyo.

Nieleze habari za Perpetua, maana ndizo zilizoleta yote. Alikuwa mwanamke wa Afrika hii yetu, lakini ya kaskazini kabisa, ng'ambo ya jangwa, zamani mno. Alikuwa kijana, mtoto wa watu wenye mali, amesoma. Akataka kuwa Mkristo wakati Kaisari wa Roma amekataza. Wakamtia gerezani pamoja na wenzake, na humo gerezani aliandika kila kitu kwa mkono wake, siku kwa siku, na ndoto zake pia. Mwalimu Kaspar aliponiambia hivyo nilikutazama wewe daftari kwa jicho jingine.

Na pamoja naye alikuwamo mtumwa aliyeitwa nani? Felista! Mimi nilibatizwa jina hili zamani bila kuelezwa ni la nani. Sasa nasikia Felista alikuwa na mimba kubwa gerezani, akajifungua humo humo, na wakafa pamoja. Nakiri hapa, mwanzoni nilinuna. Mwanangu awe bibi na mimi niwe mtumwa? Lakini Mwalimu Kaspar akaniambia kwamba katika kitabu cha Misa majina hayo mawili yanasimama pamoja, na la Felista linatangulia. Nikapoa. Mama lazima atangulie.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Padre ana sheria yake. Hambatizi mtoto wa nyumba isiyo ya Kikristo bila neno la mkubwa wa nyumba. Baba yake Wendo hayupo, basi mkubwa ni baba mkwe wangu, Mzee Ndahani, ambaye hajawahi kukanyaga misheni na wala hana haja nayo. Neno lake lilitakiwa limfikie Padre kabla ya Jumapili ya Matawi. Likikosekana, Wendo angengoja mwaka mzima mwingine, yeye aliyekwisha kungoja mitatu.

Na mimi, badala ya kwenda kwanza kwa mzee kwa adabu, nilikwenda kisimani. Nikawaambia wanawake wote. Nikawaambia jina, nikawaambia maswali ya mtihani na majibu yake, nikawaalika hadi watu wa njiani. Mpaka jioni habari zilikuwa zimeshafika kwa mzee kupitia midomo kumi, na kila mdomo umeongeza chumvi yake.

Alikasirika kwa utulivu, ndivyo anavyokasirika. Wendo ni jina la mama yake mzazi. Tangu mtoto huyu azaliwe mzee hajamwita mjukuu hata mara moja. Anamwita Mama. Akiamka anamwuliza, "Mama umelalaje?" Akipata asali nzuri anasema, mpelekeeni Mama. Na sasa anasikia kutoka kisimani kwamba Mama anabadilishwa jina.

Akatuma neno moja kwangu kwa kinywa cha Wendo mwenyewe. "Mwambie mama yako, mama yangu nimeshamzika mara moja."

Hakuna zaidi. Majuma mawili hayo, hakuna zaidi.

Mimi nitafanya nini? Kwetu mke hasimami mbele ya baba mkwe wake akabishana naye. Simwangalii usoni, sikai anapokaa. Jina lake nimeliandika hapa, ndiyo, lakini kulitamka sijalitamka tangu niolewe. Na mdomo wangu huu, wanaonijua wanajua, ulikuwa unawasha.

Kisimani wakaanza kunicheka. Mama Chiku, ambaye mwanawe hakupita mtihani, akaniita Mama Padre. Akauliza kama ng'ombe wa kumkanyaga Wendo ameshapatikana, au tuazime wa kwake. Wote wakacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu maji yalikuwa hayajajaa mtungini na siwezi kuondoka na mtungi nusu.

Hapo niseme kuhusu ng'ombe. Perpetua na Felista hawakutupiwa simba. Walitupiwa ng'ombe jike, mkali, kisha wakamaliziwa kwa upanga. Mahali pengine sijui watu wanasikiaje habari hiyo. Huku kwetu, ambako ng'ombe analala nyumba moja na sisi na watoto wanajua majina yao kabla ya majina ya shangazi zao, habari hiyo haikai vizuri tumboni.

Wendo ndiye aliyepata njia. Mwalimu Kaspar alikuwa amemwandikia habari zote kwenye karatasi mbili. Jana alasiri, ng'ombe waliporudi, Wendo akaenda zizini katikati ya tembe, akaketi chini karibu na kigoda cha babu yake, akamwambia, Babu, hutaki nibatizwe jina hili, basi lisikie kwanza ni la nani. Akaanza kusoma Kiswahili na kukigeuza Kigogo palepale, bila kusimama. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa tembe, napepeta mtama ambao ulikuwa umeshapepetwa.

Alipofika kwa ng'ombe, mzee akamsimamisha. Akauliza, huyo ng'ombe alikuwa wa nani?

Wendo akasema, Babu, haikuandikwa.

Mzee akauliza, ni jike kweli? Wendo akasema ni jike. Mzee akawatazama ng'ombe wake. Halafu akasema ng'ombe jike hafanyi hivyo akiachwa. Huyo walimpiga, walimnyima maji, walimtenga na ndama wake. "Wawalaumu watu," akasema. "Ng'ombe wamwache."

Akauliza tena, na haya yote yalifanyika kwa sababu gani? Wendo akasema ilikuwa sikukuu, siku ya kuzaliwa ya mtoto wa Kaisari, na watu walitaka michezo. Mzee akashtuka kidogo. Mwaka huu mwezi wa kwanza, bomani kwa Wadachi walifanya sikukuu ya kuzaliwa Kaisari wao, na fahali mwekundu wa mzee alikwenda kuliwa huko. Akauliza, ni Kaisari huyu huyu? Wendo akasema hapana Babu, yule alikufa zamani. Mzee akasema, "Basi wamerithishana. Hawawezi kuzaliwa bila ng'ombe wa watu."

Hilo nisingeliandika, lakini wewe daftari hukai bomani.

Kisha ikaja sehemu ya baba yake Perpetua. Laiti ningeweza kuvuka ukuta nikaiziba. Baba yake hakuwa Mkristo. Alikwenda gerezani mara nyingi kumwomba binti yake aache. Alimwambia azihurumie mvi zake. Alimbusu mikono, akaanguka miguuni pake. Na kabla ya hapo, siku ya kwanza, Perpetua alimwonyesha mtungi uliokuwa sakafuni akamwuliza, baba, chombo hiki chaweza kuitwa kitu kingine kisicho mtungi? Baba akasema hapana. Perpetua akasema, basi na mimi siwezi kuitwa kitu kingine kisicho Mkristo.

Wendo alisoma hayo yote kwa sauti ileile. Hakuruka hata neno. Mimi ningeruka.

Mzee akauliza, huyo baba mwishowe alikuwaje? Wendo akasema alipigwa fimbo kwa amri ya hakimu mbele ya binti yake, na binti alisikia uchungu kama amepigwa yeye. Baada ya hapo hakuandikwa tena.

Mzee akasimama. Akachukua fimbo yake, akaenda kukaa na ndama. Karatasi ya pili haikusomwa.

Nikajua imekwisha. Nikaona kichwani mwangu asubuhi ya Jumamosi Kuu, siku ya ubatizo, inafika, wenzake Wendo wamevaa nguo nyeupe, na yeye yuko nyuma ya kamba inayowatenga wasiobatizwa, na Mama Chiku ananitafuta kwa macho.

Sasa nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilimwita Wendo pembeni nikamwambia, babu yako haendi misheni. Padre haji hapa. Mwambie Padre kwamba mzee amekubali, nani atajua? Nikasema kwa sauti ndogo kama mwizi wa mayai.

Wendo akanitazama. Hakunilaumu. Akasema, mama, nitabatizwaje kwa uongo? Akaenda kukoka moto.

Nilimzaa mimi huyu. Sijui ukweli huo aliutoa upande gani.

Leo asubuhi, mvua ilipokatika, mzee alikuwa zizini anakama. Yeye ana watu wa kumkamia, lakini ng'ombe mmoja mweupe hamwachii mtu. Wendo akaenda na karatasi ya pili. Hakumsalimu kwa marefu, shikamoo tu, akasimama pembeni ya ng'ombe akasoma huku mzee anakama. Mimi nilikuwa mlangoni natoa majivu. Nilitoa majivu kidogo kidogo sana.

Karatasi ya pili ni ya ndoto. Perpetua aliota ngazi ya shaba, nyembamba, imetoka chini imefika mbinguni. Pande zote mbili imefungwa mapanga na mikuki, na chini yake amelala joka. Akalikanyaga joka kichwani kama kipandio cha kwanza, akapanda. Juu akakuta bustani pana isiyo na mwisho. Na katikati ya bustani ameketi mzee mrefu mwenye nywele nyeupe, amevaa kichungaji, anakama kondoo. Wamemzunguka maelfu ya watu wenye nguo nyeupe. Yule mzee akainua kichwa akamwona, akamwambia, karibu mwanangu. Akampa maziwa yaliyoganda, tonge moja, naye akayapokea kwa mikono miwili akala. Wote wakaitika Amina. Alipoamka, mdomoni bado anatafuna kitu kitamu, asijue ni nini.

Wendo akaikunja karatasi. Maziwa yaliendelea kulia kwenye kibuyu, chwii, chwii.

Halafu yakaacha.

Mzee hakugeuka. Akauliza, huyo naye ana mvi? Wendo akasema, ana mvi Babu, nyeupe kabisa. Akauliza, na anakama mwenyewe, wala hana watoto wa kumkamia? Anakama mwenyewe, Babu. Akauliza kwa muda mrefu maswali ya kondoo, ni wa mkia mnene au mwembamba, na Wendo akajibu kwa uvumilivu kwamba haikuandikwa. Nami nikaona bega la mzee limelegea, kama mtu aliyeshusha mzigo akiwa bado njiani.

Akasema, "Jana ulinisomea mzee mmoja nikadhani ndiye mimi. Mbona hukuniambia wako wawili?"

Wendo akasema, "Uliondoka, Babu."

Mzee akacheka. Majuma mawili sijasikia kicheko hicho. Akanyanyua kibuyu kingine, cha maziwa ya mgando, kinachoning'inia kwenye nguzo. Akakitikisa. Akasema yule binti alimwonyesha baba yake mtungi na baba akashindwa kumpinga, kwa sababu alikuwa mtu wa mjini. "Hiki ni kibuyu," akasema. "Nikitia maziwa, mnakiita kibuyu cha maziwa. Nikitia asali, mnakiita cha asali. Nimekinyang'anya nini? Nenda wakakutie hiyo asali yao. Ukitoka mlangoni utanikuta, na mimi nitakuita Mama."

Akamimina mgando kwenye viganja vya Wendo. Wendo akapokea kwa mikono miwili iliyoungana, akala amesimama. Kisha mzee akachota kidogo mdomoni, akampulizia kifuani, kama anavyobarikiwa mtoto wa nyumba hii siku ya jina.

Mimi mlangoni nikasema Amina. Kwa sauti. Mbele ya baba mkwe wangu! Mzee akajifanya hakusikia, Mungu amzidishie.

Hakwenda misheni mwenyewe. Alimpa Wendo fimbo yake, maana huku kila mtu anajua fimbo ya mzee ikifika mahali, mzee amefika. Wendo akakimbia nayo njia nzima. Padre aliipokea kwa mikono yote miwili, akaisimamisha ndani ya kanisa karibu na mlango, akasema itakaa hapo mpaka mwenyewe aje kuichukua. Padre wetu ni Mdachi, ila siku nyingine anaelewa.

Mzee alikuwa ameagiza jambo moja zaidi. Anataka kumpa Wendo mgando mara tu akishatiwa maji. Nilihofu Padre atakataa. Padre akasema kabla ya Komunyo haiwezekani, lakini Misa ikiisha, pale nje mlangoni, ruhusa. Akasema zamani, huko huko kwa kina Perpetua, Wakristo wapya walikuwa wakipewa maziwa na asali wakishabatizwa. Kumbe! Hata mimi sikujua, na mzee ambaye hajasoma herufi moja alijua.

Wendo aliponiletea habari hizo hapa shambani nilishuka kwenye dungu bila kugusa ngazi.

Baada ya hapo alirudi nyumbani, nami nikapanda tena nikasema niamie ndege. Jua lilikuwa laini, mvuke unapanda, nikasinzia nimekaa. Nikaota reli. Mume wangu aliwahi kunionyesha reli pale Dodoma, na mimi nilimwambia hii ni ngazi iliyolazwa chini, akanicheka. Katika ndoto ilikuwa inanyanyuka polepole upande wa Tabora, taruma baada ya taruma, hadi imesimama wima katika mawingu. Mume wangu alikuwa chini ameishika isitikisike. Wendo anapanda, na mbele yake anapanda bibi mmoja mdogo mwenye kibuyu kichwani, ambaye sikuwahi kumwona lakini nilimjua. Alikuwa Wendo wa kwanza, mama yake mzee. Aliwekwa kaburini kabla sijaolewa. Akageuka akamwambia wa kwangu kitu, wakacheka wote wawili. Sikusikia nini.

Nikaamka. Kwelea wamekula mstari mzima wa uwele, na mimi natabasamu.

Lakini iko hofu moja, nisiifiche. Watakatifu wengine walizeeka vitandani mwao. Kwa nini mwanangu amechagua huyu wa ng'ombe na upanga? Nilimwuliza leo. Akasema, kwa sababu aliandika mwenyewe, mama. Wengine wote waliandikiwa na watu.

Nimekaa na neno hilo mchana kutwa. Labda Wendo akirudi nimpe kurasa zako za mwisho, daftari, uzoee mkono wake.

Mama Chiku amepita njiani sasa hivi na kuni. Nimemwita kutoka huku juu. Nimemwambia ng'ombe amepatikana, mweupe, ana maziwa ya kutosha, na yeye aje na bakuli lake. Amesimama kidogo, akasema, "Mama Padre, utatuua na maneno." Kisha akauliza ni saa ngapi.

Nimemwambia kama ninavyomwambia kila anayepita chini ya dungu hili, na kama ninavyoandika hapa nisije nikabanwa kwamba sikualika. Mzee Ndahani anakwenda misheni kuchukua fimbo yake, kibuyu mkononi. Wa kisimani, wa Ipagala, wa mtoni, aliyebatizwa na asiyebatizwa, wote mlangoni pa kanisa, Jumamosi Kuu, jua likichomoza.